Barua kwa Yaya: Prius kuukuu na njia ya kwa Mama

Butembo, mwishoni mwa Julai 2023

Yaya mpendwa,

Mama ni mzima na anakusalimu. Viazi vimekubali kwake Kipese mwaka huu, na mfuko wako umeshawekwa kando nyuma ya jiko; amekataza mtu yeyote asiuguse mpaka Noeli. Anangoja uje na wajukuu wake, ndiyo maana swali lako nimelichukua kwa uzito. Uliniuliza kama ile Prius yako ya 2006 itaweza kufika kwake, kwa kuwa yangu ni ya umri uleule, na injini ni ileile ya lita moja na nusu. Nimerudi kutoka huko juzi. Itafika, Yaya. Lakini anza leo kuijua tabia ya oili yake, usingoje Desemba.

Kampala mpaka Mpondwe unajua mwenyewe, kilomita zaidi ya 400 za lami, gari linateleza tu. Ukifika Mpondwe utawakuta watu bado wana huzuni kwa ajili ya watoto wa shule ya Lhubiriha waliouawa usiku wa Juni 16. Usipite kama mgeni, salimia watu, toa pole. Ukivuka Kasindi unahamia upande wa kulia wa barabara huku usukani wako uko kulia vilevile, basi shemeji akae mbele kushoto akutazamie njia mnapotaka kupita lori. Kutoka Kasindi hadi Beni ni kilomita 80, na Beni hadi hapa 54. Ndiyo barabara ambayo Museveni na Tshisekedi walizindua kazi zake pale mpakani Juni 2021, na kampuni ya Dott Services ndiyo iko juu ya kazi. Pabaya bado papo. Uliza habari za usalama kabla ya kutoka Kasindi, tembea mchana, na usijitenge na magari mengine. Oili nitakueleza, lakini maisha yenu ndiyo ya kwanza.

Sasa angalia urefu wa nchi. Kasindi iko kwenye mita 1,000 hivi, Butembo imepita 1,700, na Lubero iko juu zaidi. Pale Kampala gari lako linapumzisha injini kila ukisimama kwenye foleni, na unasahau kama kuna injini. Huku kwetu kupanda ni kwingi, betri ile ndogo inaisha nguvu upesi, na injini inabeba mzigo wote peke yake. Kilomita 100 za kwako na kilomita 100 za kwangu si kazi moja. Ukisoma kilomita peke yake hutajua injini imefanya kazi kiasi gani.

Kutoka Butembo hadi Lubero ni kama kilomita 45 za udongo. Katikati unakata mstari wa ikweta, watoto watafurahi ukiwaambia. Kiangazi hiki njia ilikuwa kavu, vumbi jekundu mpaka kwenye majani ya mikaratusi, malori yamejaa mbao na mifuko ya maharage, na kila kona ina lori lililoinuliwa kwa jeki. Prius iko chini sana kwa njia hii. Nilipita pole pole, tairi moja juu ya tuta la katikati na nyingine pembeni. Mvua ikinyesha, Yaya, usijaribu: acha gari Lubero kwa mtu unayemwamini, mpande pikipiki mpaka Kipese.

Nilitaka kukueleza hasa habari ya miteremko. Watu wengi hapa wanaamini gari kuukuu linakula oili kwenye kupanda, kwa sababu ndipo linapolia. Langu linaila zaidi likishuka. Ukiteremka kilima kirefu, gari linarudisha nguvu kwenye betri, na betri ile inajaa mapema. Ikishajaa, nguvu inayobaki haina pa kwenda, basi gari linaizungusha injini bila esansi ili ivute mwendo nyuma. Ndivyo ilivyo pia ukiweka gia kwenye B, ile ya kushukia milima. Ni jambo jema, linaokoa breki. Lakini injini inayozunguka bila kupewa gesi inavuta kwa nguvu sana ndani ya silinda, na kama ringi za pistoni na sili za vali zimechoka, inavuta oili kutoka chini na kutoka juu. Ukifika bondeni ukikanyaga gesi, tazama kioo cha nyuma: moshi wa bluu, mara moja tu, kisha unapotea. Abiria hawauoni. Mimi nimeuona kwenye kila bonde kati ya Lubero na Kipese.

Usiache B kwa sababu hiyo. Breki zilizoungua mlimani zinaua, oili inanunuliwa. Ila ujue kwamba safari ya milima ina bei yake, uibebe.

Kwenda na kurudi, gari langu limekula kama robo lita. Ukisikia hivyo utaona ni kidogo. Sikia hesabu nyingine. Kitabu cha Toyota kinakubali injini ile hadi lita moja kwa kilomita 1,000. Injini nzima inabeba lita 3.7 pamoja na filta. Wengi wetu tunabadilisha oili kila kilomita 5,000, na katikati hatufungui boneti. Piga hesabu: gari ambalo kwa mujibu wa kitabu halina ugonjwa linaweza kukauka kabisa kabla ya kufika siku yake ya kubadilishiwa oili. Kwa hiyo usitulizwe na fundi akikwambia kwamba kiasi hicho ni cha kawaida. Kinaweza kuwa cha kawaida na bado kikaua injini yako.

Na usingoje taa nyekundu ya oili. Ile inapima msukumo, haipimi wingi. Oili ikiwa imebaki chini sana na ukaingia kona kali ya mlima, inakimbilia upande mmoja wa sufuria ya injini na pampu inavuta hewa. Taa ikiwaka hapo, vyuma vimeshaanza kusagana. Tena kwenye gari letu injini inazima na kuwaka yenyewe, muziki unalia, watoto wanaongea, hata mlio mbaya unaweza kukupita.

Basi pima kila unapotia esansi. Simamisha gari mahali tambarare, na kwenye barabara zetu hilo lenyewe ni kazi. Mimi natumia uwanja wa parokia. Injini iwe imepata moto. Zima gari kabisa, taa ya READY izimike, na ufunguo uondoke nao mfukoni, kwa sababu gari hili likiachwa kwenye READY linaweza kuwasha injini lenyewe mkono wako ukiwa karibu na mkanda. Ngoja kama dakika tano oili ishuke. Vuta kijiti, kipanguse, kirudishe mpaka mwisho, vuta tena, kisha soma pande zake zote mbili na uamini ule unaoonyesha chini zaidi. Kati ya alama ya juu na ya chini ni karibu lita moja. Andika kwenye daftari: tarehe, kilomita, kijiti kimesema nini, umeongeza kiasi gani, na ulitoka njia gani. Hilo la mwisho ndilo watu hawaandiki, na ndilo lililonifundisha habari ya miteremko.

Daftari limenifundisha pia kutokuamini wiki za mjini. Nikizunguka Butembo tu, soko, kanisa, nyumbani, oili haionekani kupungua, na kuna wakati imeonekana kupanda. Injini inawaka dakika mbili, inazima, haipati moto wa kutosha, na esansi kidogo na unyevu vinajichanganya na oili. Fungua kifuniko cha kujazia, utaona povu la rangi ya maziwa pembeni. Likiwa kidogo tena pale kwenye kifuniko peke yake, ni unyevu wa safari fupi. Ukiliona kwenye kijiti chenyewe, nenda kwa fundi siku hiyohiyo, maji ya kupozea yanaweza kuwa yanaingia. Sasa ukitoka mjini hivyo ukaingia safari ndefu, injini inapata moto, vile vilivyojificha vinageuka mvuke, na kijiti kinashuka ghafla. Ndiyo maana nakuomba upime tena ukifika Kasese au Bwera, kabla ya mpaka. Kipimo cha Kampala kitakuwa kimekudanganya.

Kuhusu oili ya kuongeza, nunua Kampala, kwenye duka unaloliamini. Gari letu linataka 5W-30. Hapa Butembo inayopatikana kila kona ni oili nzito ya malori na pikipiki, 20W-50 na zile za 40, na kwa kadafi, wauza mafuta wa barabarani, ipo iliyomiminwa kwenye chupa ambayo huwezi kujua imetoka wapi. Kuna fundi mmoja, mtu mwenye mikono mizuri kweli, aliniambia: «Papa, hii moteri iko nakula mafuta, tia ya muzito itatulia.» Nimemsikiliza kwa heshima na nimekataa. Oili nzito inaweza kupunguza kuungua, ni kweli, lakini injini yetu inazima na kuwaka tena na tena siku nzima, na asubuhi ya Kipese ni baridi ya kuvaa koti. Oili inayochelewa kupanda juu inaiacha bila kinga kila inapowaka. Afadhali kuongeza nyepesi mara nyingi. Ila ukikwama njiani kijiti kimekauka na iliyopo ni nzito tu, itie, nusu lita, usonge mbele.

Usimwache mtu akamimina dumu zima la lita nne kwa sababu limeshafunguliwa. Oili ikipita alama ya juu, vyuma vinaipiga ikawa povu, nyingine inapitia kwenye bomba la kupumulia na kuungua, halafu utasema gari linakula oili kumbe umelilazimisha. Na kabla ya kukubali habari za kufungua injini, badilisha ile vali ndogo ya kupumulia. Bei yake ni ndogo, ikiziba inaleta ugonjwa huohuo. Tazama pia chini ya gari asubuhi kama kuna tone.

Jambo jingine dogo: tundu la hewa ya betri, pembeni ya kiti cha nyuma. Msilizibe kwa mizigo. Vumbi letu ni jingi, nami nimelisafisha nilipofika.

Kipese yenyewe ungeiona sasa! Ukungu unaondoka saa tatu ya asubuhi, na mashamba ya viazi, kabeji na vitunguu yanatokea juu ya mlima moja baada ya jingine. Mama alinikuta nimefungua boneti uani, akashika taa ya simu yake bila kuulizwa, akasubiri nisome kijiti, kisha akaniuliza kama gari limeshiba. Nilimweleza habari yote ya ringi na miteremko. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema basi nisibebe mifuko mitatu ya viazi, nibebe miwili. Ana haki, mzigo nao ni kazi ya injini.

Kwa hiyo kati ya sasa na Desemba nipe daftari la miezi minne. Kama gari linakula chini ya nusu lita kwa kilomita 1,000, njoo nalo, ubebe lita tatu za akiba. Likipita hapo, fanya matengenezo Kampala kwanza, au mje kwa basi mpaka Kasindi, nami nitashuka kuwachukua. Ukinunua vali ya kupumulia, ninunulie na yangu, nitakurudishia pesa. Na kwa ajili ya Mama usisahau dawa ya macho ile ya safari iliyopita. Anasema hii ya hapa inamuwasha.

Salimia shemeji na watoto.

Mdogo wako