Nilianza kumjua mwanangu njiani kwenda Bodo

Msomaji mpenzi, umewahi kuketi meza moja na mtoto uliyemzaa mwenyewe ukakosa la kumwuliza ila "masomo yaendeleaje?" Mimi yamenifika, tena si mara moja. Tangu nilipoachana na mamake miaka saba iliyopita, mimi nimekuwa Nairobi na kijana amelelewa na nyanyake huko Ukunda. Karo sikuwahi kukosa kutuma. Nikajiona baba kamili! Kumbe pesa husafiri kwa simu, lakini malezi hayasafiri hivyo.

Likizo ya Desemba iliyopita nilimwendea nikiwa na wazo moja. Tungepanda baiskeli, mimi na yeye, tuelekee kusini hadi Vanga kwa siku nne, tukilala hemani na kutazama ndege njiani. Yeye ana miaka kumi na mitatu. Nilipomweleza aliitikia, "Sawa," akarudi kuteka maji. Nyanyake ndiye aliyecheka. "Wewe uliyezoea lifti, utaweza?"

Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri kulikwepa jua. Kutoka Ukunda hadi Bodo, kituo chetu cha kwanza, ni mwendo usiofika kilomita 50, na barabara haina milima ya kutisha. Lakini mimi nilikuwa nimepakia kama mtu anayehama: hema, sufuria mbili, jiko, mchele, madumu ya maji, vitabu vya ndege na darubini. Yeye alibeba mkoba mmoja, pampu, na kifurushi kidogo alichokifunga kwa mpira wa tyubu kuukuu.

Gazi tulipumzika kunywa chai na kuitazama mikoko. Nilimweleza kwamba wanakijiji wa hapo na jirani zao wa Makongeni, kupitia mradi wa Mikoko Pamoja ulioanza mwaka wa 2013, hulipwa kwa kuitunza misitu hiyo inayofyonza hewa chafu, na kwamba fedha hizo zimesaidia maji na shule. Aliitikia kwa kichwa. Nikaona nimekuwa mwalimu tena, nikanyamaza.

Tulikuwa tumeipita Msambweni niliposikia "taa!" kwenye gurudumu la nyuma. Spoki ilikuwa imekatika, na gurudumu likaanza kuyumba na kukwaruza breki. Nilisimama nikalikodolea macho. Kusema kweli, msomaji, nilikuwa tayari kuita pikipiki turudi nyumbani.

Mwanangu hakuniuliza neno. Aliipindua baiskeli, akafungua kile kifurushi chake na kutoa spana ndogo. Aliizungushia ile spoki iliyokatika kwenye jirani yake isije ikanasa, kisha akalegeza kidogo zile za upande wa pili, akalizungusha gurudumu, akalitazama, akalegeza tena. Muda wa robo saa likatulia. Halafu akahamishia madumu ya maji kwenye keria yake.

"Nani amekufundisha?" nikamwuliza.

"Fundi wa stejini. Huwa namsaidia Jumamosi. Mwaka wa pili sasa."

Mwaka wa pili! Na kila Jumapili nilimpigia simu nikauliza masomo yaendeleaje, naye akajibu yaendelea vizuri. Hakunidanganya. Mimi sikuuliza jingine.

Tukaiacha lami, tukafika Bodo alasiri. Hiki ni kijiji cha wavuvi kilichokumbatiwa na mikoko, na ndiko watu hupandia mashua kuvukia kisiwa cha Funzi. Nilichagua mahali pazuri penye mchanga laini, nikaanza kukita hema. Mzee mmoja aliyekuwa akishona nyavu akatutazama kwa muda, kisha akaja. Tukamwamkia, akaitikia.

"Wanangu, leo bamvua. Mkilala hapo mtaamkia Funzi."

Akatuonyesha mstari wa mwani mkavu na vijiti juu kabisa ya ufuo, mahali maji yalipoishia. Katika pwani yetu, wakati wa bamvua, tofauti ya maji kupwa na kujaa hufikia karibu mita 4. Basi nawe ukienda kupiga kambi, utafute mstari huo kwanza, ulale juu yake, na kabla ya yote uwaombe ruhusa wenyeji. Mzee alitupa nafasi kando ya boma lake.

Alfajiri tulishuka ufuoni na darubini. Maji yakiwa yamekupwa, ndege hutawanyika mbali wakitafuta chakula. Yanapojaa huwasukuma karibu na mtazamaji. Kwa hiyo tulikaa, tukangoja. Kwanza walikuja yangeyange, kisha kundi la membe. Huyu ni ndege mweupe mwenye mgongo mweusi, mdomo mnene mweusi na miguu mirefu, mla kaa. Hazalii kwetu. Huzalia mbali kaskazini, katika pwani na visiwa vya pande za Ghuba, Oman na Bahari ya Shamu, ambako huchimba shimo mchangani na kutaga yai moja tu, jeupe. Kisha huja kwetu na kukaa miezi mingi.

"Baba, tazama yule," mwanangu akasema. Ndege mmoja mwenye mgongo wa kijivu alikuwa akimfuata mkubwa hatua kwa hatua, akilialia. Mkubwa akamnasa kaa, akamwachia.

Nikamweleza nilivyosoma: kwamba membe huendelea kumlisha kinda wake hata baada ya kusafiri naye umbali wote huo, ingawa anaweza kuruka mwenyewe.

Akaishusha darubini. "Kwa hiyo wao husafiri pamoja."

Hakulisema kwa kunilaumu. Ndiyo maana liliniuma. Sikutafuta udhuru, nilimwambia kweli, kwamba nimekawia. Akanyamaza, kisha akanipa darubini. "Shika. Zamu yako."

Msomaji, sikudai kwamba siku moja ya baiskeli iliziba miaka saba. Bado anaishi kwa nyanyake, na huko ndiko anakotaka kukaa. Lakini safari ile ya Vanga tuliimaliza, na sasa kila likizo huenda kwake wiki mbili. Simu ya Jumapili nayo imebadilika: huniambia baiskeli gani zimeletwa kwa fundi na zilikuwa na ugonjwa gani.

Wahenga walisema mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Mimi wangu amekua vizuri mikononi mwa wengine, nami nawashukuru. Je, wewe wako anajua kufanya nini usichokijua? Jumapili ya leo, kamwulize.