Kuuliza Jina Bila Kusimama Njiani

Leo siasa nimeiweka kando. Kuna jambo tunaliona karibu kila siku na hatulijui jina lake: programu ya kompyuta inaganda ghafla, kitufe hakibonyezeki, halafu baada ya muda inazinduka yenyewe kana kwamba hakuna kilichotokea. Tumezoea kusema "mtandao uko chini" na kuendelea na maisha. Sawa, mtandao uko chini. Lakini kwa nini hata kuandika jina la mtu kwenye fomu kushindikane?

Swali hili nililipata Mei 2024. Jumapili ya tarehe 12 mwezi ule, kebo mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Mnakumbuka? Ubalozi wa Marekani pale Dar ulifunga milango kwa umma siku mbili. Mimi nilipanda daladala kuelekea Bagamoyo, nikawa nashuka Bunju, Mapinga, Kerege na Zinga kuuliza watu wanaendaje.

Kwenye zahanati moja nikamkuta mama muuguzi ameshika shavu mbele ya kompyuta. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akanionyesha skrini. "Mwanangu, hii mashine nikibonyeza hapa inakufa. Naizima, naiwasha, naanza upya kuandika mgonjwa." Kila akizima, alichokwisha kuandika kinapotea. Nje benchi limejaa akina mama na watoto. Mwisho akatoa daftari.

Niliporudi mjini nikampelekea habari hiyo mshikaji wangu mmoja anayeandika programu kwa lugha ya C. Akacheka kidogo, kisha akasema: "Ile mashine haijafa. Inangoja jina."

Ngoja niwaeleze kama nilivyoelezwa. Kompyuta haiwezi kuzungumza na seva kwa jina. Inataka namba, yaani anwani ya IP. Inataka pia namba ya poti, yaani mlango wa huduma: kwa mfano "http" ni 80. Kwenye C kazi zote mbili hufanywa na fankisheni moja, getaddrinfo. Unaipa jina la seva na jina la huduma, inakurudishia anwani kamili. Huduma ni rahisi, kwa kawaida orodha iko humo humo kwenye kompyuta, kwenye faili la /etc/services. Jina la seva ndilo lenye safari: linatoka kwenda kuulizwa seva za majina, na hizo zinaweza kuwa popote duniani.

Tatizo ni kwamba getaddrinfo ikiitwa hairudi mpaka ipate jibu au ikate tamaa. Kwenye Linux ya kawaida inangoja sekunde 5, na kama kimya inajaribu tena. Kwa seva moja ya majina hiyo tayari ni sekunde 10, na ukiwa nazo tatu unakaribia nusu dakika. Muda wote huo, kama aliyeiita ndiye huyo huyo anayechora skrini na kupokea vitufe, basi hakuna skrini wala vitufe. Na kuweka soketi zako zisisubiri hakusaidii, maana hapo soketi yako bado hata haijafunguliwa. Ni sawa na kumtuma mtoto dukani kisha wewe ukasimama mlangoni umekunja mikono mpaka arudi, na chungu kinaungua jikoni.

Dawa ipo, tena ya siku nyingi: uliza, kisha endelea na kazi nyingine, jibu likifika utaambiwa. Maktaba ya glibc ina getaddrinfo_a, ambayo unaikabidhi orodha nzima ya majina na inarudi papo hapo; baadaye unauliza kama jibu limefika, au unaomba ushtuliwe. Kasoro zake mbili: ni ya glibc tu, na ombi lililokwisha kuanza kushughulikiwa haliwezi kufutwa. Ipo c-ares, ambayo inakupa soketi zake uziweke kwenye kitanzi chako pamoja na nyingine. Ukitaka njia fupi, ipe getaddrinfo uzi wake pembeni, skrini ibaki huru. Hivyo ndivyo libuv inavyofanya, ile iliyo ndani ya Node.js, ila kwa kawaida ina nyuzi 4 tu. Majina mawili yakikwama, majina mengine yanakaa foleni. Kwa hiyo vijana wa JavaScript msicheke, nanyi mmo.

Sasa mtaniuliza, kwani kuuliza pembeni kunaunganisha kebo? Hapana. Majibu ya mgonjwa yasingefika Dar siku ile kwa namna yoyote. Lakini yule mama angeendelea kuandika, rekodi zingekaa kwenye diski zikingoja, na benchi lingepungua. Tofauti kati ya mtandao kuanguka na kazi kuanguka ni uamuzi wa mwandishi wa programu.

Na kuna jingine. Tovuti inaweza kuwa hapa hapa Dar, kilomita kama 70 tu kutoka Bagamoyo, lakini seva za majina yake zikawa Ulaya. Kebo ikikatika, unashindwa kumpata jirani yako kwa sababu anayejua anakoishi yuko ng'ambo.

Anayeandika programu mahali ambapo jina hujibiwa kwa kufumba na kufumbua haoni hata kama kuna kungoja. Sisi wa pwani hii tunaona. Kabla ya Seacom kufika mwaka 2009 tulitegemea sana satelaiti, ambapo kwenda na kurudi tu ni karibu nusu sekunde au zaidi. Tulipaswa kuwa wa kwanza kuandika programu zinazojua kungoja.

Kwa hiyo ndugu zangu mnaopewa kandarasi za zahanati, shule na halmashauri: kabla hamjakabidhi mfumo, chomoeni waya wa mtandao, kisha mkae kwenye kiti cha yule mama. Nawasilisha.