Diski Kubwa, Tarakilishi Kongwe na Amana ya Sauti



Katika madrasa yetu imo tarakilishi ya mwaka 2001, iliyotolewa wakfu, na ingali yafanya kazi. Ndani yake zimehifadhiwa darsa za marhum mwalimu wetu, tulizozihamisha kutoka katika kaseti. Kaseti zenyewe zimeliwa na unyevu wa bahari, hazisikiki tena. Diski ya gigabaiti 40 ilipojaa, mhisani mmoja alituletea nyingine ya gigabaiti 250. Tulipoipachika, tarakilishi ilisoma 128 tu.

Baadhi ya wanakamati walisema muuzaji amempunja mhisani wetu. Tuliwaomba wajiepushe na dhana mbaya mpaka jambo lichunguzwe, na uchunguzi ukamtakasa muuzaji.

Diski hugawanywa katika vijisehemu viitwavyo sekta, ambavyo katika diski za zama hizo kila kimoja kilikuwa baiti 512, na kila sekta ina nambari yake mfano wa nyumba za mtaa. Mashine za zama hizo ziliandika nambari hiyo kwa tarakimu 28 za sifuri na moja. Tarakimu hizo hazifiki mbali zaidi ya sekta 268,435,456, yaani baiti bilioni 137 na ushei. Viwanda huziita gigabaiti 137. Tarakilishi, ambayo hupanda kwa 1,024 badala ya 1,000, huziita 128. Basi diski haikupungua. Kibaba cha mpimaji ndicho kilichokuwa kidogo.

Wala huo haukuwa mpaka wa kwanza. Kabla yake palikuwa na mpaka wa megabaiti 528, kisha wa gigabaiti 8.4. Baadaye nambari zikarefushwa kufikia tarakimu 48. Windows XP iliyotoka mwaka 2001 haikuzijua mpaka ilipopata nyongeza yake ya kwanza mwaka 2002. Aidha BIOS, programu ya msingi inayoiamsha mashine, nayo lazima izielewe.

Linalotisha zaidi si nafasi inayopotea. Diski kubwa ikitayarishwa katika mashine mpya, kisha ikapachikwa katika kongwe isiyojua hesabu ndefu, yaweza kuwa kama mtu avutaye tasbihi: akimaliza punje ya mwisho, hurudi ya kwanza. Kilichokusudiwa kuandikwa ng'ambo ya mpaka huandikwa mwanzoni mwa diski, mahali penye faharasa ya faili zote. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Vilevile, mashine isiyoielewa diski huenda ikauliza kama ifomatiwe. Anayejibu ndiyo hali diski ina vitu ndani yake, huenda akaipoteza amana kwa kidole kimoja.

Kwa hiyo tunawausia wenye mashine kama yetu wafuate utaratibu huu. Kwanza, nakilini kila kitu mahali pengine kabla ya kufungua kasha. Pili, tazameni kama mtengenezaji wa mashine ametoa BIOS mpya. Lakini kazi hiyo isifanywe pasipo umeme wa akiba, kwani umeme ukikatika katikati, mashine yaweza isiwake tena. Tatu, BIOS mpya isipopatikana, ipo kadi ya kupachikwa ndani yenye BIOS yake yenyewe, nayo huibebea mashine hesabu hiyo. Nne, na ndiyo njia nyepesi, diski itiwe katika kasha la nje la USB linalokubali ukubwa wake. Na anayenunua diski inayozidi terabaiti 2 ajue kuwa mbele kuna mpaka mwingine: jedwali la zamani la kugawia diski hukomea terabaiti 2.2, na jedwali jipya liitwalo GPT halisomwi na Windows XP ya kawaida.

Sisi tulichagua kasha la nje. Mwendo wake ni wa taratibu, lakini gigabaiti zote za mhisani zimeonekana, na darsa sasa zina nakala mbili katika nyumba mbili tofauti. Wanafunzi waliozaliwa baada ya mwalimu kufariki humsikiliza kila Alhamisi baada ya Alasiri. Sauti ile hatukupewa tuimiliki. Tumepewa tuifikishe kwa watakaokuja. Mwenyezi Mungu amrehemu mwalimu wetu, amlipe kheri mhisani, na atuwezeshe kuzitunza amana tulizoachiwa.

Wabillahi tawfiq.