Foleni ambayo hatukuwemo

Nimekuwa kimya kidogo, na leo narudi na aibu yangu mwenyewe.

Mwaka juzi niliandika habari ya vishoka wa umeme. Ilitoka ukurasa wa tano. Nikamalizia kwa kuwaasa wananchi wasimpe fedha mtu asiyetoa risiti. Haya, huu ndio mwendelezo wake.

Mama amejenga vyumba viwili Zongomera. Alitaka umeme kwa ajili ya friji ya kuuzia juisi, na mdogo wangu wa kidato cha nne alikuwa anasomea tochi ya simu. Nikamwambia, mama, hilo niachie mimi. Msomi wa familia!

Kahama ilipandishwa kuwa manispaa mwaka 2021. Januari 2022 gharama ya kuunganishiwa umeme mjini, ndani ya mita 30 bila nguzo, ikawa shilingi 320,960. Vijijini ikabaki 27,000. Kwenye pengo hilo ndipo kishoka anapojenga nyumba yake.

Wangu alikuwa na kizibao cha kung'aa na ngazi nyuma ya pikipiki. "Bro, dirishani utasota. Nipe laki na themanini, nakupitisha kwa bei ya kijijini." Nikajua kabisa ni ujanja. Nikatuma kwa simu. Wiki ya kwanza savea alikuwa safarini. Wiki ya tatu mita zilikuwa njiani. Wiki ya sita namba ikawa haipatikani.

Nikaenda ofisini, kichwa chini. Dada wa mapokezi akatafuta jina la mama. Halipo. Hakukuwa na ombi lolote! Yaani karibu miezi miwili tulikuwa tunasubiri kwenye foleni ambayo hatukuwemo.

Jamani, utaratibu wenyewe si mgumu. Kwanza fundi mwenye leseni ya EWURA afunge nyaya. Kisha unaomba kwa jina lako na kitambulisho chako, ofisini au kwa simu kupitia NIKONEKT, na unapewa namba ya ombi. Savea anakuja kupima. Unapewa kontroo namba, unalipa. Zile siku wanazoahidi kukufungia mita zinaanza kuhesabiwa ukishalipa kwa kontroo namba hiyo. Ukimtumia mtu kwenye simu yake, hakuna saa iliyoanza kutembea.

Ukicheleweshwa, unalalamika kwanza kwa anayetoa huduma. Usiporidhika, unapeleka EWURA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2001. Mimi ningepeleka nini? Meseji ya muamala kwenda kwa mtu binafsi? Na ningeanza kueleza vipi kwamba nilitaka kulipa bei ya kijijini nikiwa mjini?

Hapo ndipo nilipoelewa habari niliyoiandika mwenyewe. Nilimchora kishoka kama mwizi anayewavamia watu wasiojua. Sikuandika kwamba mara nyingine mteja anajua, ana digrii, na ndiye aliyempigia simu. Kishoka aliniuzia nafasi kwenye foleni ambayo dirishani ningeipata bure kwa kuomba tu. Nilichonunua hasa ni kujiona mjanja kuliko majirani.

Tukaanza upya, kwa jina la mama. Namba ya ombi nikaiandika kwenye daftari langu la kazi. Savea alikuja, tukalipa 320,960 kamili, na mita ya LUKU ikafungwa. Usiku ule mdogo wangu alisoma mpaka nikamwambia akalale.

Mama nilimweleza ukweli wote. Hakugomba. "Baba, ungeniambia tu nikapange foleni mwenyewe. Kabla mradi wa maji ya Ziwa Victoria haujazinduliwa mwaka 2009, mimi nilikuwa napanga foleni ya ndoo. Foleni haijawahi kuniua."

Laki na themanini yangu haijarudi. Naihesabu kama ada ya somo.

Je, na wewe ombi lako lina namba? Kaangalie leo.

Nawasilisha.