Nilimfanya Mama Mkwe Aseme Uongo

Nilidanganya kuhusu uraia wangu mbele ya afisa wa serikali, na nikamsukuma mama mkwe wangu, wakati huo mzee wa kanisa hapa Kiomboi, anitolee ushahidi wa uongo. Mimi ni Mkenya wa Taveta, nimeolewa Iramba, Tanzania. Nanunua vitunguu kwa wakulima na kuviuza mjini Singida, na sokoni hakuna aliyewahi kuniuliza kwetu ni wapi.

Usajili wa laini za simu kwa alama za vidole ulianza Mei 2019. Tuliambiwa laini zisizosajiliwa zitafungwa mwisho wa mwaka, kisha siku ikasogezwa hadi Januari 20, 2020. Raia alitakiwa awe na namba ya NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa. Mgeni alitumia pasipoti, lakini yangu ilikuwa imekwisha muda, na kibali cha ukaazi sikuwahi kuomba. Fedha zote za vitunguu zilipita kwenye simu yangu. Badala ya kwenda Uhamiaji kueleza hali yangu, nilichukua fomu ya NIDA ya raia.

Fomu ile inataka wazazi na walikozaliwa. Nikajifanya mtoto wa marehemu dada yake mama mkwe, nikakariri majina ya babu na bibi wasio wangu. Mwenyekiti wa eneo letu aligonga muhuri kwa kuwa mama ndiye aliyemwomba. Mama mwenyewe alikataa kwanza. Nikamlilia, nikamwambia wajukuu zake watakosa ada. Hilo linanichoma kuliko fomu yenyewe: nilijua machozi yangu hatayaweza.

Afisa wa Uhamiaji alituhoji. Alimuuliza mama dada yake alizikwa wapi. Mama akanyamaza, kisha akasema, "Mwanangu, huyu si mtoto wa dada yangu. Ni mkwe wangu, kwao Kenya."

Hakuweza kulitia kaburi la ndugu yake katika uongo wangu.

Tuliandika maelezo, tukaonywa vikali. Mama akajiuzulu uzee wa kanisa kabla mtu hajamwambia neno.

Na yote hayo hayakuhitajika. NIDA husajili raia, wageni wakaazi na wakimbizi. Mgeni anayeishi nchini kihalali kwa miezi sita au zaidi ana kitambulisho chake. Ningeuliza, ningeambiwa. Nilirudi Kenya nikatengeneza pasipoti, nikaomba kibali, nikalipa nilichopaswa kulipa, ndipo nikapigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole kama mgeni mkaazi.

Mwenyekiti nimemwendea, nikamwambia muhuri wake niliupata kwa hila. Kanisani bado. Mama anasema yamepita, niache. Lakini waumini wanaamini aliacha uzee kwa sababu ya maradhi, na yeye hawasahihishi ili kunisitiri. Nimemwomba mchungaji nafasi ya kusema Jumapili ijayo.