Jiwe Lenye Majina Matatu

Kutumia jiwe la zamani katika jengo jipya si kosa, maana jiwe zuri halitupwi. Kosa ni kulitumia bila ya kulitazama. Na kosa hilo nililitenda mimi mwenyewe.

Nilikulia Shauri Moyo, mtaa ulio mashariki ya Nairobi. Mtaa huo ulijengwa mwishoni mwa miaka ya 1930 ili kuwapokea watu walioondolewa katika kijiji cha Pangani, ambacho wakoloni walikibomoa. Bibi yangu, wakati huo msichana mdogo, alikuwa mmoja wao. Nyumba yao ya udongo haikuweza kuhamishwa, lakini baba yake alipakia mkokotenini jiwe la kizingiti. Juu yake alikuwa amechonga, kwa herufi za Kiarabu, jina lake, la baba yake na la babu yake.

Katika siku zangu jiwe hilo lilikuwa uani. Tulifulia nguo juu yake, tukanolea visu. Bibi alikuwa akisema, "Taratibu, mjukuu wangu, hilo ni jiwe la baba." Nilipokuwa kijana tulitengeneza sakafu ya jiko, na kokoto zikapungua. Mwashi akauliza kama aweza kulivunja. Nikamjibu, "Vunja."

Jioni bibi alirudi sokoni, akauliza jiwe liko wapi. Nikamwonyesha sakafu. Alikaa kimya kwa muda mrefu, kisha akasema, "Jina la baba nalijua, na la babu nalijua. Lile la tatu sikufundishwa kulisoma."

Miaka mingi baadaye nilisafiri hadi Kizimkazi, kusini mwa kisiwa cha Unguja. Msikiti wa kale wa huko, ukiutazama kwa nje, ni jengo la kawaida lenye paa la bati. Nilimwamkia mzee mtunzaji, "Shikamoo, mzee wangu." Akaitika, "Marahaba, mwanangu," akaniruhusu kuvua viatu na kuingia. Katika ukuta wa kibla niliona maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, yaliyochongwa katika jiwe la matumbawe. Yanaeleza kwamba Sheikh Abu Imran Musa aliamuru msikiti ujengwe mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107. Lakini sehemu kubwa ya jengo la leo si ya zama hizo. Maandishi mengine humo humo yaonyesha kwamba msikiti ulijengwa upya mwaka 1184 wa Hijra, kiasi cha 1770.

Nikawawaza waashi wale wa pili. Mbele yao palikuwa na mawe ya zaidi ya miaka 660, na matumbawe yakichomwa hutoa chokaa. Wangaliweza kuyachoma. Badala yake waliyaweka mahali pa heshima, wakaongeza tarehe yao.

Si mawe yote yaliyopata heshima hiyo. Huko Ireland yako mawe ya kale yenye herufi za Ogham, mistari iliyochanjwa ukingoni mwa jiwe. Mengi hutaja jina la mtu na la mzazi wake. Baadhi yake yalitiwa baadaye katika kuta za makanisa kama mawe mengine yoyote. Hata hivyo hayakupondwa, na wataalamu wameyasoma. Jiwe lililofichwa ukutani laweza kumngoja msomaji. Lililogeuzwa kokoto haliwezi.

Basi, msomaji kijana, mji hauachi kujengwa, na nyumba kuukuu hupisha mpya. Sikwambii uzuie nyundo. Nakuomba utazame kabla haijashuka: soma, nakili, au umwite ajuaye kusoma.

Bibi yangu amekwisha fariki. Siku tulipokaa kuandika nasaba yake, kalamu ilifika jina la babu yake, ikasimama.