Pampu Haina Kosa

Simu iliingia kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Dereva alikuwa Ngorongoro, kambi ya Simba, ukingoni mwa kreta, na kwa sauti yake nilijua amekwisha kulizunguka gari mara kadhaa kabla ya kunipigia.

"Shikamoo fundi. Gari limelala."

"Marahaba. Limelala upande gani?"

"Nyuma kushoto. Tairi limeingia lote ndani ya fenda. Jana jioni lilikuwa zima. Nimewasha, pampu imenguruma kama dakika mbili tatu, halafu imenyamaza. Taa ya njano imewaka."

"Imenyamaza yenyewe au umezima?"

"Yenyewe."

Nikamwambia asiwashe tena mpaka nimwambie. Kwa dereva mwenye wageni wanne wanaomaliza chai ili washuke kreta, hakuna sharti gumu kuliko hilo. Lakini pampu ya springi za upepo ikikata yenyewe maana yake imepata moto, na kuna kinga ndani yake inayoikatia umeme isije ikaungua. Ukizima gari na kuwasha tena kila baada ya dakika mbili, unailazimisha kufanya kazi ikiwa na homa. Pampu nyingi ninazozifungua zimekufa hivyo, mikononi mwa watu waliokuwa wanajaribu kuziokoa.

Mimi ni fundi wa magari hapa Arusha, na kazi ya upepo nilianza kujifunza kwenye mabasi ya mikoani. Basi nalo hukaa juu ya mifuko ya mpira iliyojazwa upepo badala ya kukaa juu ya vyuma tu. Lakini pampu ya basi huzungushwa na injini. Injini ikiwa inaunguruma, pampu inajaza, na basi linaweza kutoka Arusha hadi Dar es Salaam likivuja njia nzima bila abiria kujua. Chini ya matenki yake kuna vali, na dereva mzuri huifungua mara kwa mara maji yaliyojikusanya yatoke. Nilipohamia kwenye magari madogo ya porini nilikuja na mazoea hayo, nikidhani kuvuja kidogo ni jambo la kawaida.

Gari dogo halina uvumilivu huo. Pampu yake ni mota ndogo ya umeme wa volti 12, yenye pistoni moja na ringi yake, iliyoundwa kufanya kazi kwa muda mfupi kisha ipumzike. Upepo inaousukuma unapita kwenye kikaushio chenye punje zinazonyonya unyevu, unaingia kwenye boksi la vali za umeme, na kutoka hapo unagawanywa kwa mipira myembamba, mingi ikiwa ya milimita 6, kwenda kila pembe ya gari. Karibu na kila gurudumu kuna sensa yenye mkono mdogo unaopanda na kushuka pamoja na gurudumu, na kompyuta huusoma mkono huo ili ijue gari limesimama vipi. Pembe moja ikivuja, kompyuta inaiona imeshuka na kuamuru pampu ijaze. Inavuja, inajazwa, inavuja tena. Mwenye gari haoni kitu, kwa sababu gari liko sawa kila akilitazama. Anayelipa ni pampu, inayofanya kazi mara nyingi zaidi ya ilivyotakiwa, mpaka ringi inakwisha na mota inachoka.

Jambo hili niliujua ukweli wake kwa hasara ya mtu mwingine, na bado linaniuma. Miaka kadhaa nyuma mama mmoja mwenye magari mawili ya utalii aliniletea gari ambalo pampu yake imekufa. Nikaipima, kweli imekufa, nikafunga mpya. Halikumaliza miezi miwili likarudi, pampu imekufa tena. Nikalaumu spea, nikafunga nyingine. Liliporudi mara ya tatu, mama yule hakupaza sauti. Aliniuliza tu, "Fundi, wewe unatibu homa au unatibu malaria?" Nikaketi chini ya gari lile siku nzima. Mfuko wa mbele kulia ulikuwa na nyufa pale mpira unapojikunja, na relei ya pampu ilikuwa imeungua midomo yake kiasi kwamba wakati mwingine iligoma kuachia, ikaiacha pampu inazunguka bila amri. Vyote viwili vilikuwapo tangu siku ya kwanza. Nilimrudishia fedha za kazi na za pampu ya pili. Alizipokea, akaendelea kuniletea magari, na tangu siku ile sijafunga pampu mpya bila kubadili relei na bila kujua kwanza upepo ulikuwa unatokea wapi.

Ukitaka kuuelewa mfuko wa upepo, elewa lile kunjo. Mpira umeundwa ujikunje juu ya bomba la chini, na kila gurudumu linapopanda na kushuka kunjo linatembea juu na chini. Magari ya huku hutembea kwenye vumbi la nyanda za Serengeti, ambalo asili yake ni majivu ya volkano, laini kama unga lakini lenye punje kali. Likiingia kwenye kunjo linafanya kazi ya msasa, na njia ya kuelekea Naabi, yenye mawimbi kama bati la nyumba, inausugua msasa huo maelfu kwa maelfu ya mara kwa safari moja. Nyufa huanzia ndani ya kunjo, mahali ambapo jicho halifiki gari likiwa katika kimo cha kawaida. Ndiyo sababu ninapokagua hulipandisha gari mpaka kimo cha juu kabisa. Hapo kunjo linafunguka, na sehemu iliyokuwa imejificha inajitokeza. Kuosha kunjo hilo kwa maji ya kawaida kila gari linaporudi kutoka porini ni kazi ya dakika kumi. Nawaomba madereva waifanye, na wanaonisikiliza siwaoni mara kwa mara.

Nirudi kwenye simu ya Ngorongoro. Nilimuuliza dereva swali ambalo siku hizi huliuliza kabla ya yote: usiku wa juzi mlilala wapi?

"Mto wa Mbu. Siku mbili."

"Na asubuhi likaamka salama?"

"Salama kabisa."

Mto wa Mbu kuko chini, kuna joto. Ukingo wa kreta uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya Juni huko inagandisha vidole. Mpira ukipata baridi unakakamaa. Ringi ndogo ya mpira iliyo kwenye kiungo, ambayo kwenye joto inajaza nafasi yake vizuri, kwenye baridi inaacha upenyo. Gari linalolala kwenye baridi na kusimama kwenye joto mara nyingi halina mfuko uliopasuka. Sikumwambia hivyo, maana kukisia kwa simu ni njia ya haraka ya kumdanganya mtu. Lakini nililiandika kwenye daftari.

Chini ya kiti cha nyuma cha magari yote ninayohudumia naweka kimfuko chenye mita moja ya mpira wa milimita 6, viungo vitatu, wembe uliofungwa kwenye karatasi, na vali nne za tairi zilizounganishwa tayari na vipande vya mpira. Dereva alikitoa. Nikamwelekeza achomoe fyuzi ya mfumo ili kompyuta isiingilie, kisha atafute boksi la vali na kuutambua mpira wa nyuma kushoto kwa rangi yake. Auchomoe akiwa pembeni ya gari, na hata kidole kisiingie chini. Auunge na vali ya tairi, kisha ajaze taratibu kwa pampu ya tairi. Mfuko wa springi unataka upepo wenye mgandamizo mkubwa kuliko wa tairi, kwa hiyo pampu ndogo hunguruma kwa muda. Gari likapanda. Nikamwambia apime kwa futikamba kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa fenda, asubiri nusu saa, apime tena. Halikushuka hata nusu sentimita.

"Kwa hiyo nishuke kreta?"

"Hapana, kaka. Waombee wageni nafasi kwenye gari la wenzako. Wewe shuka Karatu gari tupu, polepole. Nakuja."

Hakufurahi. Najua aliona namvunjia heshima mbele ya wageni. Lakini barabara ya kushuka kreta haina nafasi ya gari linalosimama juu ya vali ya tairi.

Kuhusu kidole chini ya gari, niseme hili waziwazi kwa vijana wanaoanza. Katika gereji jirani na yangu, kijana alijiingiza chini ya gari lililokuwa limesimama kwa upepo peke yake, jeki iko pembeni, stendi ziko stoo. Alilegeza kiungo akidhani kimekwisha kutoa upepo. Gari lilishuka kwa muda wa kupepesa jicho. Aliwahi kutoa kichwa, mkono ukabaki, ukavunjika mahali pawili. Upepo si nguzo. Weka stendi kwenye chasisi, chomoa fyuzi, toa upepo wote, ndipo uingie. Na ukimaliza, usilishushe gari zima juu ya mfuko usio na upepo. Mpira utajikunja vibaya na utabanwa, utaupasua siku ileile uliyoununua.

Wateja wengi huniambia tung'oe haya yote tufunge springi za vyuma tusahau. Sibishani nao kwa kiburi. Cadillac ilitoa gari lake la Eldorado Brougham mwaka 1957 likiwa na mifuko ya upepo, na wamiliki wengi wakaishia kuweka springi za vyuma kwa sababu ya kuvuja. Mtu anayeishi mbali na spea, au anayetembea peke yake kaskazini mwa Longido, nitamfungia springi za vyuma na nitazifunga vizuri. Lakini gari linalobeba leo mzigo wa watu sita na mahema, na kesho dereva peke yake, springi ya chuma itakuwa laini mno siku moja na ngumu mno siku nyingine, na gari lenyewe halitapanda tena sentimita zile za ziada kwenye korongo la mawe. Upepo unajua kubadilika kufuata mzigo. Ukiutunza unakulipa.

Karatu nilifika alasiri. Mama mwenye gari, si yule wa pampu mbili, mwingine, alinipigia akitaka nimruhusu atume pampu mpya kwa basi la jioni. Nilimwambia, "Mama, nipe usiku mmoja." Alinyamaza, kisha akasema sawa, na nilihisi uzito wa ile sawa. Usiku mmoja wa gari la utalii mwezi Juni ni fedha.

Tulirudisha mpira wa nyuma kushoto kwenye boksi la vali, pampu ikiwa imepoa tukajaza pembe zote, kisha nikachomoa tena fyuzi. Hatua hii wengi huisahau: baadhi ya magari kompyuta huamka yenyewe usiku na kuzishusha pembe nzima zilingane na ile mbovu, asubuhi ukakuta gari limekaa sawasawa na mkosaji amejificha kati ya wasio na hatia. Nikapima pembe nne, nikaandika kwa chaki kwenye kila tairi. Gari tukaliacha uwanjani, kwenye baridi, si ndani ya banda. Dereva akalala ndani yake.

Saa kumi na moja alfajiri nilikuwa nimepiga magoti na tochi. Mbele kushoto, hakuna kitu. Mbele kulia, hakuna kitu. Nyuma kulia, milimita mbili. Nyuma kushoto, sentimita nne.

Ingekuwa boksi la vali, mara nyingi zingeshuka pembe mbili za ekseli moja. Hii ilikuwa pembe moja. Nikaweka stendi, nikachanganya sabuni ya unga na maji ya vuguvugu kidogo, nikapaka mfuko wote kwa brashi, kunjo kwa kunjo. Hakuna povu. Nikapaka mpira wote hadi nilipofika juu ya mfuko, kwenye kiungo, mahali ambapo mkono unaingia kwa shida. Nilisubiri. Povu dogo, jembamba kama mate ya mtoto, likaanza kujikusanya upande mmoja. Jua lingetoka nisingeliona.

Nilitoa upepo, nikauchomoa mpira. Ncha yake ilikuwa imekatwa mshazari. Upande mmoja ulifika ndani ya ringi ya kiungo, upande wa pili uliishia kabla. Mkato ule niliufahamu. Mwaka uliotangulia mfuko huo niliubadili mimi, jioni, kwa haraka, kwa koleo ya kukatia nyaya badala ya wembe.

Nilimwambia dereva. Kisha nikampigia mama mwenye gari nikamwambia na yeye kabla sijarekebisha, kwamba asitume pampu, na kwamba siku hii hatanilipa. Nikafungua wembe mpya, nikakata sentimita moja, mraba, nikabadili ringi, nikausukuma mpira hadi ulipogota, nikauvuta kuhakikisha umekamatwa. Fyuzi ikarudi. Pampu ikanguruma, gari likainuka nyuma kushoto, pampu ikanyamaza kwa amri ya kompyuta, si kwa moto. Nikapaka sabuni tena, na mimi na dereva tukachuchumaa pale tukiitazama, bado kuna baridi, mpaka maji yakakauka yenyewe juu ya kiungo.